Sanduku la Wasomaji: Mhusika Huyu Anataka Nini?

Katika toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache namna watu wa rangi, jinsia, lugha na maumbile mbalimbali wanavyochorwa katika riwaya, tamthilia na filamu, na barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko tulivyotazamia. Kwa hiyo safu yote ya toleo hili tumeiachia suala hilo. Tumechagua barua tano. Baadhi tumezifupisha bila kugusa maana yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu ana umri wa miaka saba na anapenda sana kuchora. Juzi aliniletea daftari lake, na katika kila ukurasa nikamkuta binti mfalme yuleyule: ngozi ya rangi ya karatasi yenyewe, kwa maana hakuipaka kitu, na nywele za manjano zinazofika kiunoni. Nilipomwuliza yeye yuko wapi, alinionyesha msichana mdogo aliye pembeni, ameshika ncha ya gauni la binti mfalme lisiburuzike chini. Je, nina sababu ya kuhuzunika, au huu ni mchezo wa mtoto tu? (Mama wa mchoraji)

JIBU: Mama mpendwa, huzuni yako ina msingi, ila naomba isimwangukie mtoto. Mwanao hakukosea, alichora kwa uaminifu kile alichoonyeshwa. Mwaka 1965 mtaalamu wa vitabu vya watoto wa Marekani, Nancy Larrick, alianza makala yake mashuhuri kwa swali la msichana mweusi wa miaka mitano aliyekuwa akitazama kitabu cha picha katika shule ya chekechea jijini New York: kwa nini siku zote ni watoto weupe? Larrick hakuishia kusikitika. Alikusanya hesabu ya vitabu 5,206 vya watoto vilivyotoka kati ya mwaka 1962 na 1964, akakuta kwamba vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, awe katika maneno au katika picha, vilikuwa 349 tu, yaani chini ya 7 katika kila 100. Miaka 20 baadaye, kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kilipoanza hesabu yake, kati ya vitabu vipatavyo 2,500 vilivyochapishwa Marekani mwaka 1985, vilivyotungwa au kuchorwa na Wamarekani Weusi vilikuwa 18. Vitabu vya aina hiyo, na filamu zilizozaliwa navyo, vimesafiri dunia nzima, na watoto wa mataifa mengi wamejifunzia humo sura ya shujaa.

Profesa Rudine Sims Bishop, katika makala fupi ya mwaka 1990 ambayo walimu wa kusoma wanaitegemea hadi leo, alieleza kwamba kitabu huwa dirisha la kuwaonea wengine, huwa pia mlango wa kupitia ili kuingia katika ulimwengu wao, na mwanga ukiangukia vizuri, dirisha hilohilo hugeuka kioo cha kujitazama. Mtoto aliyenyimwa kioo hujifunza kwamba hahesabiwi. Naye mtoto aliyezungukwa na vioo vitupu, asipewe hata dirisha moja, hukua akidhani dunia yote ni yeye, na Bishop aliwahofia watoto wote wawili.

Hata hivyo, katika daftari la mwanao kilichonigusa zaidi si rangi ya binti mfalme. Ni yule msichana wa pembeni. Sisi tuliosomeshwa fasihi tulifundishwa kutofautisha mhusika bapa, asiye na undani wala mabadiliko, na mhusika duara, mwenye nia, hofu, makosa na majuto. Mwanao amejichora bapa katika hadithi aliyoitunga mwenyewe, na hilo ndilo ningependa ulishughulikie kabla ya suala la rangi. Keti naye siku moja umwulize: huyu aliyeshika gauni anataka nini leo? Anamwogopa nani? Akichoka kushika atakwenda wapi? Usimpe majibu. Nina hakika kabla hamjamaliza mazungumzo atakuwa ameomba karatasi nyingine. Vitabu utakavyomtafutia baadaye vipime kwa swali hilohilo, maana vipo vingi vyenye mtoto mweusi kwenye jalada ambaye ndani hana kazi isipokuwa kufundisha watoto wengine huruma.

SWALI: Mimi ni mpenzi wa filamu wa miaka mingi. Siku hizi kila filamu ni lazima iwe na mtu wa kila aina, kana kwamba watayarishaji wanajaza fomu. Hadithi nzuri ni hadithi nzuri. Kwa nini sanaa isiachwe ijiendee yenyewe kama zamani? (Mtazamaji aliyechoka)

JIBU: Ndugu mtazamaji, hapo ulipoandika "kama zamani" ndipo ninapoomba tukae kidogo, kwa sababu sanaa ya zamani unayoikumbuka haikuwahi kujiendea yenyewe. Studio kubwa za Hollywood zilipitisha kanuni za maadili ya filamu mwaka 1930, zikaanza kuzisimamia kwa ukali mwaka 1934, na hazikuziacha rasmi hadi mwaka 1968. Miswada ilisomwa na ofisi maalumu kabla ya kupigwa picha, na filamu iliyokosa muhuri wa ofisi hiyo ilikosa majumba makubwa ya sinema. Miongoni mwa makatazo yake ni mapenzi kati ya watu weupe na weusi, katazo ambalo kwa vitendo lilinyooshwa likawagusa na watu wa rangi nyingine. Mtazamaji wa miaka ile alipoketi gizani na kuona wapendanao wa rangi moja filamu baada ya filamu, alidhani anaona maisha, kumbe alikuwa anaona kanuni.

Mtazame Anna May Wong. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905 katika familia ya Kichina, na kufikia miaka ya 1930 jina lake lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Studio ilipoamua kutengeneza filamu kuhusu wakulima wa China, iliyotoka mwaka 1937 kwa jina *The Good Earth*, nafasi ya mke wa mkulima ilikuwa ile ambayo mwigizaji kama yeye aliisubiri maisha yake yote. Lakini nafasi ya mume ilikwisha kupewa Paul Muni, Mzungu aliyepakwa vipodozi afanane na Mchina, na mume akishakuwa Mzungu, mke Mchina wa kweli anakuwa tatizo mbele ya kanuni. Nafasi akapewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, naye akatunukiwa Oscar kwa kuigiza mwanamke Mchina. Wong alikaribishwa kuigiza hawara anayeivuruga nyumba hiyo, akakataa, kwa kuwa asingekubali kuwa mtu pekee mwenye damu ya Kichina miongoni mwa waigizaji wakuu huku akiwa ndiye mhusika mbaya.

Mtazame pia Hattie McDaniel, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Usiku wa tuzo, Februari 1940, hakuketi pamoja na waigizaji wenzake. Aliwekewa meza ndogo kando, katika hoteli isiyowapokea watu weusi. Alikuwa ameigiza mtumishi wa nyumbani, na watumishi ndio aliopewa kuigiza karibu maisha yake yote. Mwanamke mwingine mweusi wa kushinda tuzo ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati, kisha uniambie kama kweli tunaweza kusema kwamba zamani hakuna aliyekuwa anajaza fomu. Fomu ilikuwapo, tofauti ni kwamba jina lako na langu halikutakiwa kuandikwa humo.

Baada ya kusema hayo, nakubali kwa dhati sehemu moja ya lawama yako. Ipo namna ya kuleta watu mbalimbali katika filamu ambayo ni uvivu mtupu: rafiki wa shujaa asiye na nyumba wala ukoo, anayetokea kutoa shauri la busara na kufa kabla ya robo ya mwisho. Akademia inayotoa Oscar ilitangaza mwaka 2020 masharti ya ujumuishaji kwa filamu zinazowania tuzo kuu, yakaanza kutumika katika tuzo za mwaka 2024. Masharti ni manne na filamu inatakiwa kutimiza mawili; kwa kuwa mojawapo linahusu nafasi za mafunzo na jingine wakuu wa kitengo cha utangazaji na usambazaji, filamu inaweza kuyatimiza bila kugusa hata mstari mmoja wa hadithi yake. Siyadharau, kwa sababu kijana anayepata mafunzo leo ndiye mwongozaji wa kesho. Lakini masharti ya aina hiyo hayawezi kumpa mhusika moyo. Hiyo ni kazi ya mwandishi, na ukimwona mhusika bapa, mlaumu mwandishi aliyemsahau, usimlaumu mwigizaji wala watu anaofanana nao.

SWALI: Ninajifunza upigaji picha za filamu. Katika zoezi letu la filamu fupi, mwigizaji mwenye ngozi nyeusi sana aliketi karibu na mwenzake mwenye ngozi nyeupe, na katika picha uso wake ukapotea, yakabaki macho na meno. Mkufunzi alisema ndivyo kamera zilivyo. Ni kweli? (Mwanafunzi wa kamera)

JIBU: Si kweli. Kamera ni kazi ya mikono ya watu, na watu walichagua. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 maabara za kusafisha picha zilipewa na kampuni ya Kodak kadi ya kusawazishia rangi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na mafundi wakaizoea kwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, picha imetoka vizuri. Familia za watu weusi zilizolalamikia picha za watoto wao hazikusikilizwa sana. Waliosikilizwa, katika miaka ya 1960 na 1970, ni watengenezaji wa chokoleti waliotaka chokoleti nyeusi na ya maziwa zionekane tofauti, na watengenezaji wa samani waliotaka rangi za mbao zitofautiane. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Kila nikikumbuka kwamba kabati lilisikilizwa kabla ya uso wa mtoto, moyo huniuma.

Kuhusu zoezi lako, usimmwagie mwigizaji taa kali ya mbele, kwa kuwa uso wa mwenzake utapotea kwa weupe katika picha na yeye ataonekana wa kijivu. Pima mwanga kwa uso wenye ngozi nyeusi, kisha mpunguzie taa yule mwingine. Weka chanzo kikubwa na laini upande mmoja, au ubao mweupe unaorudisha mwanga, maana ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao unaoteleza juu ya shavu na paji la uso. Mafuta kidogo ya kulainisha ngozi husaidia kuliko poda. Mtenge na ukuta wa nyuma kwa taa ndogo. Mpigapicha Haskell Wexler alizifikiria taa zake upya kwa ajili ya uso wa mwigizaji mweusi Sidney Poitier katika filamu ya rangi ya mwaka 1967, kwa vifaa duni kuliko vilivyo darasani kwenu.

SWALI: Ninaandika riwaya yangu ya kwanza, na mmoja wa wahusika wakuu ni msichana kiziwi. Mimi ninasikia. Rafiki yangu ameniambia nimwondoe, kwa kuwa sina haki ya kumsemea mtu ambaye si mimi. Nifanye nini? (Mwandishi chipukizi)

JIBU: Mwandishi mwenzangu, wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo haikukatazi kuandika juu ya kitanda cha mwenzio. Inakutuma ukamwulize anayekilalia. Usimwondoe msichana wako. Nenda kwanza kwa viziwi, kaa nao muda mrefu, na uwe tayari kufuta nusu ya ulichokwisha kuandika.

Nitakupa mifano michache ya yale ambayo asiyeuliza hukosea. Waandishi wengi huwafanya viziwi wasome midomo kana kwamba ni gazeti. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, papa, mama. Midomo inafunga na kufunguka namna ileile mara zote tatu. Sehemu kubwa ya maneno haionekani kabisa mdomoni, kwa hiyo anayesoma midomo anakisia kwa muktadha na huchoka haraka. Jambo jingine: lugha ya alama ina sarufi yake kamili, yenye utani, mashairi na matusi, basi usiyaandike mazungumzo ya msichana wako kwa Kiswahili kilichovunjika. Na ugomvi! Watu wawili wanaogombana kwa alama, mmoja akifumba macho au kugeuza uso, amemziba mwenzake kinywa na kujiziba masikio kwa tendo moja. Taa ikizimika mazungumzo yamekatika, mpaka mtu aushike mkono wa mwenzake na kuendelea humo kiganjani. Mambo kama hayo yanabeba tamthilia nzima, na yote yanapatikana kwa kukaa na watu.

Katika filamu kosa huonekana hata kwa fremu. Mwongozaji aliyezoea wanaosikia husogeza kamera karibu na uso ili tuone hisia, na mikono ikabaki nje ya picha. Mtazamaji kiziwi hapo amekatiwa sauti. Mwaka 2014 ilitoka filamu ya Kifaransa kuhusu familia ya viziwi yenye binti anayesikia, na nafasi za baba na mama wakapewa waigizaji wanaosikia, jambo lililowaudhi watazamaji wengi viziwi. Hadithi hiyo iliposimuliwa upya Marekani kwa jina *CODA*, Marlee Matlin, kiziwi aliyeshinda Oscar mwaka 1987, alisema atajitoa ikiwa nafasi ya mume wake atapewa mtu asiye kiziwi. Nafasi ikaenda kwa Troy Kotsur, na mwaka 2022 akawa mwanamume kiziwi wa kwanza kushinda Oscar, huku filamu yenyewe ikitwaa tuzo kuu. Ukiitazama utaona baba anayejua kuchekesha, mwenye aibu ya madeni na wivu wa kutengwa na kitu anachokipenda binti yake. Huyo ni mhusika duara.

Yapo mengine ya kuepuka. Usimponye mwishoni ili msomaji apumue. Usimfanye malaika. Wala usifuate mazoea ya kuuweka uovu katika maumbile: mtu mwenye kovu usoni ndiye muuaji, mtu mwenye ualbino ndiye mchawi au mamluki. Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilitangaza mwaka 2018 kwamba haitafadhili filamu inayotumia makovu ya uso kama alama ya ubaya, na nadhani kila mwandishi anaweza kujiwekea sharti hilo bila kusubiri taasisi.

Kuhusu rafiki yako, mweleze kwamba hofu yake ina historia ya kweli. Chinua Achebe, katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1975, alionyesha jinsi riwaya moja ya Joseph Conrad ya mwaka 1899 ilivyojaa Waafrika na bado ikawanyima lugha. Wanapiga kelele, wananung'unika, wanacheza ngoma mtoni. Mara mbili tu wanapewa maneno: mara ya kwanza kuomba binadamu wenzao ili wawale, mara ya pili kutangaza kifo cha Mzungu. Kwa hiyo, ukimaliza mswada, fanya jaribio moja gumu. Chukua kila anachosema msichana wako, kiweke kwenye karatasi peke yake bila maneno ya wahusika wengine, ukisome. Ukikuta anajibu tu, hajawahi kuomba, kupinga, kudanganya wala kutania, rudi mezani.

SWALI: Nimesikia kwamba mhusika wa tamthilia maarufu ya Marekani kuhusu safari za anga alipewa jina kutoka Kiswahili. Je, ni kweli, na alikuwa mhusika wa maana au pambo tu? (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Ni kweli. Katika *Star Trek*, iliyoanza kurushwa mwaka 1966, afisa wa mawasiliano wa chombo aliitwa Uhura. Neno ni letu, uhuru, ila irabu ya mwisho ilibadilishwa lisikike laini na la kike katika masikio ya Wamarekani, jambo ambalo sarufi yetu haina habari nalo.

Kuhusu uzito wake, majibu ni mawili na yote ni ya haki. Nichelle Nichols, mwigizaji wake, aliona mistari yake ikikatwa wiki baada ya wiki, ikabaki kazi ya kufungua mawasiliano na kuripoti, na mwisho wa msimu wa kwanza akaamua kuacha arudi jukwaani. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwanamke huyo mweusi aliketi katika chumba cha uongozi akiwa na cheo na elimu, bila trei mkononi. Alisimulia mara nyingi kwamba Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani Weusi, ndiye aliyemsihi abaki, akimwambia kwamba kwa mara ya kwanza watu wao walikuwa wanaonekana kama wanavyopaswa kuonekana. Akabaki hadi tamthilia ilipokoma mwaka 1969.

Mwaka 1977 NASA, shirika la anga la Marekani, ilimpa Nichols kazi ya kuhamasisha wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Miongoni mwa wasichana waliokua wakimtazama kwenye runinga ni Mae Jemison, ambaye Septemba 1992 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Mwaka uliofuata Jemison aliombwa kuigiza nafasi ndogo katika tamthilia mpya ya ukoo huohuo wa *Star Trek*, na siku ya kurekodi, Nichols alifika studio kumtazama.